Doa la Sheikh Idrisa

Waliotutangulia wamesimulia kwamba katika mji wa Zaituni, huko Uchina, aliishi mchoraji mcha Mungu aliyeitwa Sheikh Idrisa Ma. Alichora milima na mito kwa wino mweusi, wala hakuchora kiumbe chenye roho. Wanafunzi wake walijifunza kwa kunakili mlima mmoja aliouchora yeye, mwaka baada ya mwaka, hadi mkono utii.

Miongoni mwao alikuwamo mjane, Bibi Safura. Kwa miaka mitatu aliunakili mlima ule, na kwa miaka mitatu jiwe jeusi lililokuwa katikati ya mto uliopita chini yake lilimkera. Maji yalilifikia yakapita kana kwamba halipo. Siku moja akaliacha bila kulichora.

Sheikh alipoiona karatasi yake, aliichana mbele ya wote. "Umekuwa mjuzi kuliko mimi?"

"Hasha, Sheikh. Lakini mto haulijui jiwe hili. Kila nikilichora, mkono wangu unasema uongo."

"Toka!"

Safura alitoka kwa ghadhabu. Alipofika nyumbani alitawadha, akaswali. Akatawadha tena, na bado hasira ilimchemka kifuani. Hata hivyo hakumtaja Sheikh kwa ubaya mbele ya mtu yeyote.

Siku ya tatu, baada ya Alasiri, Sheikh alibisha hodi. Alikaribishwa kiti, akakataa kuketi.

"Si jiwe," alisema. "Ni doa. Miaka ishirini iliyopita nilimzaba kofi mwanafunzi wangu Luqmani kwa kosa dogo, wino ukamwagikia mchoro. Niliona haya kukiri, nikalizungushia kingo, nikaliita jiwe. Nisamehe, binti yangu."

Safura alimtazama kwa macho makavu. "Na Luqmani yuko wapi?"

"Aliondoka. Nasikia anafinyanga vigae kijiji cha ng'ambo ya mlima."

"Basi usianzie kwangu, Sheikh."

Mzee akainamisha kichwa. Asubuhi yake aliwaeleza wanafunzi wote habari ya doa lile, bila kujitetea, kisha akashika njia kwa miguu. Wanasema Luqmani alimfungia mlango mara mbili. Mara ya tatu akampa maji ya kunywa. Bibi Safura alirejea darasani, lakini hasira yake ilichukua muda mrefu kupoa, wala hakuificha.

Ndugu zangu, anayefuatwa hakosei peke yake. Mikono mingi ililichora kofi lile kwa adabu na unyenyekevu, bila kujua inachora nini. Tumuombe Mwenyezi Mungu atujaalie ulimi wa kukiri mapema, kabla makosa yetu hayajawa somo.