Alasiri Moja Tu

Mwanamke mmoja alikuwa na nguruwe tisa wa kuzaa, na tisa hao ndio waliomlishia watoto. Jina lake Tusekile. Wote aliwachanja kwa wakati. Lakini bwana mifugo alimwonya: “Chanjo ni koti la mvua, mama. Si ruhusa ya kuingia mtoni.” Kwa hiyo alijenga banda jingine ng'ambo ya kijito, na kila nguruwe mgeni alikaa humo siku arobaini kabla ya kuchanganywa na wenyeji.

Ikawa wifi yake, Subilaga, alimletea nguruwe jike. Mwaka uliotangulia Subilaga aliugua baada ya kujifungua, na Tusekile akamnyonyesha mtoto wake pamoja na wa kwake. Sasa Subilaga alitembea asubuhi nzima akimvuta nguruwe yule kwa kamba, tena amemfunika kitenge chake mwenyewe ili jua lisimuunguze. Alitoa aliye bora, asiyelalia watoto wake. Tusekile alimpokea kwa mikono miwili. Wifi alipoondoka tu, akampeleka ng'ambo, machozi yakimlengalenga. Maana kwao zawadi hailazwi nje.

Tangu hapo hakutulia. Akipika, anasikiliza njia. Akifua, anatazama ng'ambo. Nitamwambia, alisema moyoni, kisha, nitamwambiaje?

Siku ya kumi na moja akamwona Subilaga akishuka kilima, mtoto mgongoni. Tusekile alikimbia, akamtoa mgeni bandani, akamwingiza kwa wale tisa. Subilaga akachungulia zizi, akacheka. “Huyu amenenepa kunizidi! Mnampa nini, wifi, chapati?” Wakanywa chai. Subilaga alipoaga, Tusekile akamrudisha nguruwe mgeni ng'ambo, akanawa mikono. Ilikuwa alasiri moja tu.

Wale tisa, wote wakiwa na mimba, hawakupata homa wala kikohozi. Walikula kama kawaida, naye akaanza kupumua. Lakini baada ya wiki chache mmoja akaharibu mimba, kisha mwingine. Waliofikisha siku zao walizaa watoto waliokufa. Bwana mifugo alipima, akasema kirusi kiliingia na mgeni: koti liliwafaa mama, ila watoto tumboni hawakuwa nalo. Mwaka huo zizini haikusikika sauti ya kitoto hata kimoja.

Subilaga alipopata habari alikuja mbio, akaketi chini kando ya Tusekile, akalia naye. Ndipo Tusekile akamweleza yote. Mwenzake akamshika mkono.

“Wifi, ungeniambia tu. Ningenuna siku mbili, ya tatu ningekuja kukuomba chumvi.”

Basi ninyi mnaosikia, mlangoni penu yuko nani leo, mpendwa ambaye mnaona haya kumwambia, “Ngoja kwanza”?