Kofia ya Bizari

Sogeeni, na mwenye karanga atafune kimya.

Tanga palikuwa na watu watatu waliotengeneza gazeti la katuni. Faraji alijua kutunga: angekusimulia foleni ya bombani ukasahau ndoo yako. Hemedi alijua kuchora, ila mvivu. Sura akishaipata moja, aliirudia mpaka wino uishe. Zuwena alipaka rangi, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko brashi.

Katuni yao iliyopendwa ilikuwa ya mapacha, Kulwa mwema na Doto mwizi wa mbuzi. Hemedi, kwa uvivu wake, aliwachora sura moja, nguo moja. Walitofautiana kwa kofia tu: ya Kulwa manjano, ya Doto kijani.

Ukurasa wa mwisho, mwizi anapokamatwa na mbuzi begani, ulimfikia Zuwena siku ya Idi. Kijani kimekwisha, rangi zote zimekwisha, maduka yamefungwa. Akaingia jikoni, akakoroga bizari ya manjano, akapaka.

"Kofia ni kofia," akasema, akarudi kwenye pilau yake.

Faraji alipouona ukurasa alishika kichwa. "Zuwena! Umemkamatisha Kulwa!"

Mtambo wa kuchapa ulikuwa unasubiri. Faraji akafuta maneno yake, akaandika mengine: kumbe yule mwema ndiye mwizi, siku zote akimsingizia ndugu yake! Mji ukapiga kelele. Kwa vinyozi watu waligombania gazeti, mmoja akatoka kanyolewa nusu.

Sasa wamezeeka. Binti mmoja, Zamda, anataka kuichapa katuni upya.

"Jalada lina nafasi ya jina moja," akawaambia. "La aliyeutengeneza mwisho ule. Wengine watakaa ndani, kwa herufi ndogo."

Zuwena hakuwahi kuandikwa popote, hata kwa hizo ndogo. "Basi andika langu," akasema.

Hemedi akacheka mpaka meno ya bandia yakacheza. "Siku ambazo hukuja walipaka wengine, bibie. Nani ajuaye kama ni wewe?" Faraji, naye akilitaka jalada, akajitia kusahau.

"Nileteeni maji ya sabuni."

Zamda alikuwa nao ukurasa wenyewe, ule uliopakwa kwa mkono. Zuwena akachovya kidole, akagusa ukingo wa kofia. Palipoguswa pakageuka pekundu, kama doa la mchuzi kwenye kanzu ukilitia sabuni.

"Rangi ya dukani hufanya hivyo? Au nawe Hemedi ulikuwa ukipika?"

"Haya, ni wewe," Hemedi akakubali. "Lakini nisingewafananisha wale mapacha, kofia yako ingemdanganya nani?"

"Na bila maneno yangu," Faraji akadakia, "lingebaki kosa la mtu mwenye haraka ya pilau."

"Pilau hiyo hiyo uliyokuja kuila!" Zuwena akamrudishia. Kisha akakunja mikono, akamkazia macho Zamda. Zamda kalamu anayo, na mkono haushuki.

Haya, ninyi mnaocheka. Ingekuwa kalamu iko kwenu, mngeandika jina la nani? Asiniambie mtu "wote watatu". Nafasi ni moja. Na mwenye karanga aanze kujibu.