Mti Usioonekana na Dozi Moja

Tak!

Sauti moja tu, usiku, kisha kimya. Watu watatu waliokuwa wakisinzia kwenye benchi nje ya maabara waliisikia, na hakuna aliyeuliza ni nini. Ilikuwa chupa imepasuka kwa baridi ya barafu. Ndani yake mlikuwa na dozi tatu za dawa. Walipowasha taa, iliyobaki ilimtosha mtu mmoja.

Sogeeni karibu, mnaosikiliza, niwaambie walikuwa akina nani.

Mji wao ulikuwa chini ya mlima wenye ukungu, na mjini mlikuwa na homa. Homa hiyo ilimnyang'anya mtu sauti, kisha pumzi. Watu waliiogopa hata wakaacha kutaja majina ya wagonjwa. Walisema homa inasikiliza. Ukitaja jina, umeionyesha kitanda. Basi kila mgonjwa akaitwa "wangu" au "wako", mpaka siku atakapopona. Na hakuna aliyekuwa amepona.

Kila mmoja wa hao watatu alikuwa na wake wodini. Tunu alikuwa na mwanawe. Mzee Mlekwa alikuwa na mkewe. Sikitu, aliyekuwa mdogo kuliko wote, alikuwa na dada yake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

Dawa ya homa ilijulikana, ila haikufika ilikotakiwa. Mwili uliitupa nje kabla haijafanya kazi. Ilihitaji kibebeo: molekuli yenye matawi mengi, mti mdogo usioonekana kwa macho, wenye dawa kwenye kila ncha.

Tunu alikuwa na kipaji cha kuanza. Alitengeneza kiini: pete ndogo ya fosforasi na naitrojeni, yenye klorini sita zilizochomoza kama mikono inayosubiri kushikwa. Mvuke wa kazi ile ulimchoma koo, naye hakuacha. Bila pete, tawi lingeshika wapi?

Mlekwa alikuwa na kipaji cha kurudia. Kwenye kila mkono alishikiza kipande, na mwishoni mwa kipande akaweka fosforasi nyingine, inayogawanyika njia mbili. Matawi sita yakawa kumi na mawili, yakawa ishirini na manne, yakawa arobaini na manane. Kila tabaka lilipokamilika alipeleka tone kwenye mashine ya sumaku inayopima molekuli, na fosforasi za tabaka lile zikachora kilele kimoja kilichochongoka kwenye skrini. Kilele cha ziada, hata kiwe kidogo namna gani, kilimaanisha kuna tawi limekufa, na tawi lililokufa halichipui tena. Bila yeye, pete ingebaki pete.

Sikitu alikuwa na kipaji cha kumaliza. Alitundika dawa kwenye ncha, kwenye baridi kali, vidole vikiwa vimekufa ganzi, kwa upole ili tawi lisikatike. Bila yeye, mti ungesimama mtupu.

Lakini kuna siku moja ya mvua ambayo lazima niisimulie.

Siku hiyo nesi aliita kutoka wodini, "Tunu, kimbia! Wako anatetemeka!" Tunu akakimbia, chupa ya kiini akaiacha wazi. Hewa ilijaa unyevu, na mikono ile ya klorini, ikiguswa na maji, hufungwa moja kwa moja. Baadaye Mlekwa alikiona kilele cha ziada. Akageuka, akaiona chupa ya kiini, bado i wazi. Kisha akamwaga kazi yake yote na kuomba kiini kipya.

"Kimeharibika nini, Mzee?" Tunu aliuliza.

"Uzee tu, mwanangu. Mkono umenitetemeka."

Sikitu akacheka. "Mzee, ukiendelea hivyo tutakuhamishia kwenye kuosha vyombo."

"Nihamishe, halafu uje kunywea chai kwenye kiganja. Sitakubakizia hata kikombe."

Wakacheka wawili. Tunu alikuwa akiitazama chupa yake isiyo na kifuniko.

Sasa turudi kwenye ile chupa nyingine, iliyopasuka. Kulipopambazuka, Nesi Mwasiti alisimama mlangoni, bomba la sindano mkononi.

"Siigawi," alisema. "Nikiigawa, hakuna atakayepona. Na wagonjwa wote watatu hawawezi kungoja mtengeneze nyingine. Kubalianeni, mnitajie jina."

"Mpe wangu," Sikitu alisema.

"Siwezi kumchoma mtu anayeitwa 'wangu', bibie. Jina."

Sikitu akafungua mdomo, akaufunga. Je, akilitaja, na wenzake wasikubali? Homa itakuwa imelisikia, na dada hatakuwa na dawa.

"Sauti ya dada imeshakatika tangu jana," alinong'ona. "Mzee, nakuomba."

"Na mimi nimwombe nani?" Mlekwa alisema. Macho yake yalikuwa sakafuni. "Yule ndiye nyumba yangu yote."

Nyuma ya ukuta mtoto alikohoa, na wote watatu wakajua ni wa nani.

Haya, mnaosikiliza. Kuna atakayesema mti huanza na kiini. Kuna atakayesema bila matawi kiini ni nini, na bila dawa matawi ni ya nini. Kuna atakayeniuliza kuhusu siku ile ya mvua: je, mama aliyemkimbilia mwanawe alikosea? Na mzee aliyenyamaza anadai chochote? Dozi ni moja, na lazima wakubaliane wote. Je, wewe ungeamua vipi?

Amua upesi. Tunu amesimama. Hatazami upande wa kikohozi cha mwanawe. Anamtazama Mlekwa, na jina analolitaja, ambalo tangu homa iingie hakuna aliyethubutu kulitamka, ni la mke wa mzee yule.

"Chausiku."