Pande la Kwanza la Ndafu

Hapo zamani, na msinicheke, zamani yangu mimi ni mwaka juzi, palikuwa na ofisi ndogo Moshi mjini yenye Msaidizi asiyekula wala kulala. Alikuwa akili ya kompyuta: unampigia simu, unamuuliza, anakujibu kwa sauti. Lakini peke yake haoni kitu. Kila kazi ana zana yake, na kila zana ina karatasi ya maelezo. Karatasi ikisema nenda, anaenda. Karatasi ikinyamaza, anajitungia.

Zana moja ilikuwa ya kuangalia salio la sarafu za mtandaoni. Aliitengeneza Elirehema, kijana hodari wa kazi, mvivu wa kueleza. Maelezo aliyaandika Aikande, mwenzake wa ofisini. Alipomuuliza Elirehema aandike nini, aliambiwa, "Andika inaleta salio. Basi." Naye akaandika inaleta salio. Basi.

Sasa Mzee Urio, mteja wao, akapanda Kibosho kumposea mwanawe Godlisten. Binti ni Ndeshi, na aliyemlea ni mjomba wake, Mwalimu Shao, mstaafu. Mwalimu akauliza mahari iko wapi. Mzee Urio akajikohoza, akasema iko kwenye sarafu za mtandaoni za mwanawe, akatoa simu, akaweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Msaidizi, salio la sarafu za Godlisten ni kiasi gani?"

"Salio ni sifuri," Msaidizi akajibu, kwa adabu zote.

"Hesabu hiyo hata mimi naijua," akasema Mwalimu, akawafungulia wageni mlango. Ndeshi alilia jikoni mpaka chai ikachemka ikamwagika. Alimpenda Godlisten, na hakujua kama wageni wale watarudi.

Kesho yake Mzee Urio akaingia ofisini bila kubisha hodi. Elirehema akafungua mashine, akakuta sarafu zipo zote. Kila mtu akakuna kichwa. Bi Mankya, anayewapikia chai, akauliza akiwa bado ameshika birika:

"Hiyo sifuri, alifika akakuta hamna, au hakufika? Maana mume wangu nikimtuma sukari hurudi akasema hamna. Kumbe hakufika dukani, aliishia kwenye drafti."

Elirehema akatazama chini. Daftari la sarafu liko mbali huko mtandaoni, na lisipoitika, zana yake hurudi na sifuri. Alijua tangu mwanzo, ila hakuna aliyemuuliza.

Akaitengeneza siku hiyohiyo, ili ikikwama irudi na jibu la "sikufika". Wakaijaribu. Zana ikasema sikufika, na Msaidizi akatangaza: sifuri. Maana karatasi ilisema inaleta salio, na sikufika si salio. Ndipo Aikande akaichana karatasi, akaandika upya: "Zana isipofika, sema haikufika. Usiseme sifuri. Sema hujui, na useme uulizwe tena lini."

Mzee Urio akaipeleka karatasi kwa Mwalimu Shao. Mwalimu akasahihisha mikato miwili kwa kalamu nyekundu, kisha akasema, "Haya, muulizeni tena."

"Zana haikufika," akajibu Msaidizi. "Salio silijui. Niulize tena baada ya dakika tano."

Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. "Miaka thelathini darasani nilimtafuta mwanafunzi wa kusema hajui." Akaagiza chai, wakasubiri. Dakika tano zikapita, salio likaja, likatosha mahari na sare za mashangazi.

Harusi ikafungwa, na ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, akaletwa mbele. Nyumbani kwa Mzee Urio pande la kwanza hupewa mtu mmoja, aliyeiokoa shughuli, na halikatwi mara mbili. Mzee akashika kisu.

"Zana nimeitengeneza mimi," akasema Elirehema.

"Umetengeneza ulichoharibu," akasema Aikande. "Na bado ilisomwa sifuri mpaka nilipoandika."

"Na karatasi ya kwanza aliandika nani?"

Bi Mankya akasogeza sahani. "Mimi zana sizijui. Niliuliza swali moja tu. Nyie wasomi mlikuwa wapi?" Mumewe, kando yake, akajifanya anamtazama mbuzi.

Mwalimu Shao naye akanyoosha sahani. "Aliyekubali kusubiri dakika tano ni mimi. Ningekataa, leo mngekula nini?"

Simu ya Mzee ikasema kutoka mfukoni, "Karatasi niliisoma yote, tangu juu hadi chini. Katika ofisi ile, anayesoma maelezo ni mimi peke yangu." Watu wakacheka, kwa kuwa mdai huyu hana hata jino moja.

Mzee Urio akachoka. "Basi wewe msomaji, tuambie. Nani anastahili?"

"Sijui," akasema Msaidizi. "Niulize tena baada ya dakika tano."

Kisu kiko juu, mafuta yanaganda, sahani ziko mbele. Je, wenzangu, nani alistahili pande lile? Na asiniambie mtu kwamba hajui. Karatasi ile haikuandikwa kwa ajili yenu.