Unyoya Mweusi kwenye Mkokoteni wa Punda

Paukwa!

Pakawa.

Wa nyuma mmeitikia au mmepiga miayo? Haya, paukwa tena.

Pakawa.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakienda sokoni na kusengenyana njiani kama sisi, alikuwepo Punda. Mjane. Ana mwana mmoja na mkokoteni mmoja. Mkokoteni aliuvuta mwenyewe, maana punda hana punda wa kumvutia.

Siku hiyo alitoka sokoni na gunia la mtama. Si mtama wa kula, mtama wa mbegu. Mawingu yalikwisha kukusanyika milimani, shamba lake limelimwa, linangoja. Akavuta. Kwiko-kwiko, kwiko-kwiko, gurudumu linalia. Mwana yuko nyuma, anachechemea.

"Mama, mwiba."

"Vumilia."

"Mama, mwiba unaingia."

Utamwambia mtoto avumilie mpaka lini? Punda akatazama huku, akatazama huku. Kando ya njia palikuwa na mkwaju mnene, na nyuma yake uwanja mtupu wenye kivuli. Akaingia, akaegesha mkokoteni, akampeleka mwana mtoni hapo chini. Akailowesha kwato, akauchomoa mwiba kwa meno.

Waliporudi, wakakuta unyoya mweusi umechomekwa kwenye gunia. Umesimama wima.

Juu ya mkwaju amekaa Kunguru.

"Kraa. Mama, umeegesha kwa Bwana Ngiri. Hapa pana mwenyewe. Unadaiwa debe la mtama."

"Nani aliniambia pana mwenyewe?"

"Kibuyu kimekwambia."

Akaonyesha kwa mdomo. Kweli, kwenye shina la mkwaju kilitundikwa kibuyu cheupe. Na nchi ile kila mtu alijua: ukiona kibuyu cheupe, mahali hapo usikae bila hodi.

"Sikukiona," Punda akasema.

"Macho ni yako, mama, si yangu. Mwezi ukiandama hujaleta, yanakuwa madebe mawili. Ukizidi kukaa kimya, nakuja na ndugu zangu, tunajichotea wenyewe."

Puru, akaruka.

Sasa mjue, uwanja haukuwa wa Kunguru. Ulikuwa wa Ngiri, mwenye shimo lake pale. Kunguru aliwekwa kulinda tu, na katika kila debe fungu lake lilikuwamo. Mlinzi anayelishwa na makosa ya watu hawaombei watu wasikosee.

Punda akafika kwake, akalitazama gunia. Akitoa debe moja, nusu ya shamba inalala tupu. Akitoa mawili, mwana atakula nini masika yakiisha?

Akaenda kwa Kondoo.

"Lipa, shoga yangu," Kondoo akamwambia. "Mimi nililipa. Nikalipa tena. Ukilipa unalala usingizi."

"Ulikosa nini?"

"Sijui. Sikuuliza."

"Na usingizi uliupata?"

"Niliupata. Nililala na njaa, lakini nililala."

Akaenda kwa Sungura. Akamkuta kichakani, masikio ndiyo yanayoonekana.

"Dada, tupa huo unyoya," Sungura akasema. "Kunguru ni kelele tu. Mimi ninayo manyoya yake tele, nachokonolea masikio."

"Mbona unaongea ukiwa umejificha?"

"Nani kajificha? Napenda kivuli."

Juu ikapita kraa. Chwi, Sungura hayupo. Punda akabaki anaongea na majani.

Basi akasimama. Mnamjua punda akisimama. Watu husema ni ukaidi, wanachukua fimbo. Siku nyingine anafikiri tu. Na neno moja lilikuwa linamkwaruza: macho ni yako, mama, si yangu. Akasema moyoni, kama macho ni yangu, basi niyarudishe kule yakaangalie vizuri.

Asubuhi akafunga mkokoteni mtupu, akachukua unyoya wake, akaenda na mwana. Mbegu akaziacha nyumbani. Akasimama njiani, mbele ya mkwaju.

"Mwanangu, unaona nini?"

"Mti."

Wakasogea.

"Na sasa?"

"Mti, mama."

Wakaupita mti, wakageuka. Ndipo kibuyu hicho hapo, cheupe kama jino. Kilitundikwa upande wa ndani, kimeipa njia mgongo, kinatazama mlango wa shimo.

Punda akaenda mpaka mlangoni. "Hodi hapa."

Ngiri akatoa kichwa. Uso wa Ngiri mnaujua, hata akifurahi anaonekana kanuna.

"Bi Punda, umeleta debe?"

"Nimeleta maneno, jirani. Nieleze kwanza, kibuyu hiki cha nini?"

"Cha mikokoteni. Walikuwa wakiegesha mlangoni pangu kana kwamba si mlango. Siku moja Chui alikuja. Wanangu wakakimbilia shimoni, wakakuta mkokoteni umeziba. Mmoja hakuingia."

Punda akalaza masikio. Akamtazama mwana wake, akamtazama Ngiri.

"Pole, jirani. Hilo sikulijua. Kwa kuegesha kwenye mlango wako nilipokuwa namtoa mwanangu mwiba wa mguu, nisamehe, sitarudia. Lakini debe sitoi."

"Kwa nini hutoi? Kibuyu kipo. Nakiona kila asubuhi, ndicho kitu cha kwanza nikitoka."

"Wewe ukitoka. Mimi nilikuwa naingia. Hebu nenda njiani, uingie kwako kama mgeni."

Ngiri akaguna, akaenda. Alipofika njiani akageuza matako, akaanza kurudi kinyumenyume. Ndiyo ada yao ngiri, kwao huingia kwa mkia ili meno yamtazame adui. Mwana wa Punda akacheka, mama yake akamkanyaga.

"Jirani, wageni hawaingii hivyo."

"Sisi ndivyo tunavyoingia."

"Mimi si wa kwenu."

Ngiri akarudi njiani. Akageuka. Siku ya kwanza tangu azaliwe, akaingia kwake kwa uso. Anakwenda kama anayekanyaga mayai.

"Unakiona?"

"Naona shina."

"Endelea. Sasa?"

"Shina."

Akaupita mkwaju, pua karibu inagusa mlango wake.

"Sasa, jirani?"

Ngiri akasimama. Akageuza kichwa pole pole. Kibuyu kikamtazama.

Kunguru akashuka tawi la chini. "Kraa, lakini kibuyu kipo, si kipo? Hata yeye sasa amekiona."

"Wewe unakionea wapi?" Ngiri akamuuliza.

"Juu."

"Juu sisi hatupiti. Nilikitundika mimi, nilikosea mimi. Lakini wewe unayezunguka pande zote, ulijua kwamba wapita njia hawakioni?"

Kunguru akapangusa mdomo kwenye tawi, upande huu, upande huu.

"Sikuulizwa."

Ngiri akakiangua kibuyu kwa pembe za mdomo wake, akakitundika upande wa njia, chini, pa kuonwa na aliyeinamia mzigo. Akauchukua unyoya wa Punda, akautafuna.

"Huna deni, Bi Punda. Na mwanao hajambo mguu?"

"Hajambo."

"Mshukuru Mungu."

Kondoo aliposikia akaja mbio, anataka madebe yake. Wapi. Yalikwisha kuliwa na watoto wa Ngiri na huyu wa juu. Ngiri akaona haya, akamchimbulia mizizi, Kondoo akapokea, akashukuru pia. Sungura hakwenda kuuliza, na mpaka leo akienda sokoni anazunguka mlima mzima.

Punda akapanda shamba lote. Mvua ikanyesha, chwa-chwa-chwa, mtama ukatoka. Na Kunguru yupo mkwajuni, anangoja akosee mtu. Wanapita, wanakiona kibuyu, wanaegesha mbele. Sasa anatafuta mende.

Basi sikieni, nyie wadogo na nyie wenye mvi msiojifunza. Ukidaiwa, usikimbilie kulipa, usikimbilie kujificha. Rudi ukapatazame mahali penyewe, kisha mwendee mwenye uwanja, usibishane na kunguru wake. Palipo na kosa lako, omba radhi. Pasipo na kosa lako, simama kama punda. Na wewe mwenye uwanja, ingia kwako siku moja kama mgeni.

Hadithi yangu imeishia hapo mkwajuni. Aliyekalia mguu wa mwenzake ausogezee nafasi.