Mwavuli wa Bohari ya Jabalini

Katika zama zile ambazo majini walikuwa bado wakiandikishwa katika vitabu vya serikali, mji wa Jabalini ulitawaliwa na Sultani Hamdani bin Sururi, mtu mnene, mcheshi, mwenye huruma kwa raia zake na udhaifu mmoja tu, nao ni kwamba hakuweza kukataa zawadi. Wafalme wa jirani walilijua hilo, na kila aliyetaka kupunguza makorokoro ya kasri lake aliyafunga katika hariri na kuyapeleka Jabalini kwa ngoma na salamu nyingi. Sultani aliyapokea kwa machozi ya furaha, na akayatazama siku tatu, na siku ya nne yakaingia katika bohari ya mji, na humo yakakaa.

Mtunza bohari alikuwa mwanamke, Bi Jokha binti Mualimu Rehani, aliyerithi funguo kwa marehemu baba yake, na pamoja na funguo akarithi ukali wa kuandika kila kitu kama kilivyo. Alijua mahali pa vinanda visivyo na nyuzi, na matandiko ya farasi waliokwisha kufa, na viti arobaini vya wageni ambao hawakufika. Na katika pembe ya mwisho, nyuma ya viti hivyo, ulisimama mwavuli mkubwa wa shughuli, wa mahameli nyekundu, uliomfunika zamani babu yake Sultani, na sasa nondo wameula hata mtu akisimama chini yake na kutazama juu anaona mbingu zaidi kuliko mahameli.

Ndani ya mwavuli huo aliishi jini, jina lake Sharkafi. Mchawi mmoja wa Maghribi alimfunga humo kwa kiapo kifupi, kwamba amtumikie mwenye mwavuli, basi, na babu yake Sultani, alipokuwa akikata roho, kwa ukarimu wake akasema, "Mwavuli huu ni mali ya mji." Tangu siku hiyo Sharkafi akakosa kazi. Kadhi wa wakati ule alihukumu kwamba mji si Sultani, wala si Waziri, wala si mtu yeyote peke yake, bali ni watu wote pamoja, na kwa hiyo jini hawezi kutii ila amri iliyotolewa na watu wote kwa neno moja. Walijaribu mara moja tu. Wenye mashamba walitaka mvua na wafua nguo walitaka jua, na wakatoana meno uwanjani mpaka magharibi, na wakarudi makwao bila ya mvua wala jua. Baada ya hapo wakamsahau.

Lakini Jokha hakumsahau, na angemsahau vipi? Mama yake alifariki alipomzaa, na Mualimu Rehani alikuwa mtu wa kuandika tangu asubuhi hata jioni, basi aliyembembeleza mtoto katika bohari nzima ni Sharkafi, aliyemtokea kwa umbo la mzee mfupi mwenye ndevu za rangi ya moshi. Alimfundisha kuhesabu kwa viti vya wageni. Alimwonya juu ya wanaume wanaosifu macho kabla ya kuuliza jina. Jokha alipokuwa mtu mzima wakawa wanakunywa kahawa pamoja kila alasiri, yeye na Babu Sharkafi, na jini hakuweza kuvuka kizingiti cha mlango, kwani kiapo kilimfunga, lakini aliketi karibu na mlango apate upepo, na akauliza habari za milima ya Kafu alikozaliwa, kana kwamba mtunza bohari angezijua.

Ikawa mfalme mmoja akaleta twiga wa shaba, mrefu kuliko nyumba mbili zikipandana, na twiga huyo hakuingia bohari hata alipolazwa ubavu. Sultani akaita baraza, na Waziri akafungua sheria ya ziada, ambayo vumbi lake lilimpigisha chafya mara saba, na akasoma: kitu chochote cha mji kilichokaa miaka saba bila ya kuulizwa ni ziada, kwanza kitolewe kwa idara nyingine za serikali, zikikikataa, kipewe madrasa na maskini, nao wakikikataa, kinadiwe hadharani, na kisichofaa kunadiwa kitupwe jaani, na kilichotupwa jaani si mali ya mtu. Tena akasoma kwamba mtunza bohari, na dalali, na jamaa zao, ni marufuku kununua.

Jokha akaukunja mwavuli, na akauzungusha idara zote kwa mikono yake mwenyewe. Wa forodha walisema hawana pembe ya kuuweka. Mkuu wa gereza aliuchunguza sana, akauliza kama mfungwa anaweza kutoroka nao, na alipoambiwa hawezi akasema basi haumhusu. Kwenye madrasa mwalimu aliufungua na nondo wakamwingia kilembani. Siku ya tano Jokha akarudi, miguu imemvimba, na mwavuli bado u begani.

Siku ya kukagua mali, kabla ya mnada, alifika Ghalibu bin Mukiri, tajiri mwenye visima vinne katika mji, aliyekuwa akitamani vyote ishirini. Alipita vinanda, na saa, na viti, bila ya kuvitazama, na akasimama mbele ya mwavuli, na akaunusa.

"Bi Jokha," akasema, "babu yangu alikuwapo uwanjani siku ile ya mvua na jua. Nitaununua huu kwa bei yoyote, na nikiwa mimi ndiye mwenye mwavuli, visima vya wenzangu vitakauka kwa neno langu peke yangu."

Ghalibu alipokwenda zake, Sharkafi alitoka, akaketi, na kahawa yake hakuigusa.

"Akininunua nitamtii, mjukuu wangu," akasema. "Nitavikausha. Watoto watalia kiu na mimi ndiye niliyefanya, na sitaweza kukataa."

"Nitakuficha, Babu. Nitakufuta kwenye daftari."

"Baba yako hakupoteza hata sindano katika bohari hii. Usianze kwa ajili yangu."

Basi Jokha akajitanda buibui lake na akaenda kwa Mbaruku bin Feruzi, dalali wa mji. Mbaruku huyu alikuwa na sauti ambayo akinadi uwanjani wachuuzi wa ng'ambo ya mto hugeuka, lakini mbele ya Jokha sauti hiyo ilikuwa ikimpotea. Kwa miaka sita amekuwa akimwambia "habari za asubuhi" hata jioni. Alimsikiliza mpaka mwisho, na jambo likiwa la kazi yake ulimi ukamfunguka.

"Bi Jokha, kuna kutaja aibu. Kabla sijanadi kitu, mtunza bohari husimama na kutaja kasoro zake mbele ya watu, ili mnunuzi asidanganyike. Na mtunza akisema kwa kiapo 'hakifai' mara tatu, mimi sina ruhusa ya kukinadi. Kinakwenda jaani."

"Na kilichotupwa jaani si mali ya mtu," akasema Jokha.

"Si ya mtu," akasema Mbaruku. "Na asiye na mwenyewe hana wa kumtumikia. Atakuwa huru. Ila, Bi Jokha, akiwa huru, ataondoka."

Aliporudi bohari na kumweleza Sharkafi, jini alifurahi mpaka ndevu zikamtoa cheche, na Jokha akafurahi naye, kisha akaenda nyuma ya viti arobaini na akalia peke yake. Alikuwa na babu mmoja tu, na kesho atamwapia kuwa hafai.

Siku ya mnada uwanja ulijaa, na Sultani mwenyewe akaja akaketi chini ya twiga wake. Vinanda vilinunuliwa, matandiko yakanunuliwa, viti arobaini vikachukuliwa na mtu mwenye mabinti wengi. Kisha Mbaruku akauinua mwavuli, na Jokha akasimama kutaja aibu.

"Mahameli imeliwa," akasema. "Mpini umelegea. Na mwavuli huu haufai."

Ghalibu akainuka. "Mtukufu Sultani, mwanamke huyu anakudhulumu. Ndani ya mwavuli huu mna jini mtumishi, naye anajua."

Uwanja ukavuma. Sultani akamgeukia Jokha, na akasema kwa upole, "Ewe binti Rehani, baba yako hakunidanganya hata siku moja. Je, yumo?"

"Yumo, bwana wangu."

"Na wewe unaapa kwamba hafai?"

"Naapa kwamba haufai mji, bwana wangu. Umekaa naye miaka sitini, na hajautumikia hata kwa kufagia, kwa sababu haumwagizi ila kwa neno moja, nao hauna neno moja. Kama nimekosea, waambie wamwagize sasa hivi, na mimi nitarudisha funguo."

Sultani alipenda sana kuona mambo, basi akaruhusu, na uwanja mzima ukaanza kuagiza. Wengine walitaka mvua na wengine jua, kama babu zao. Na mmoja alitaka mume, na mmoja aondolewe wa kwake, na muuza samaki alitaka jirani yake ahame, na jirani yake alitaka hivyo hivyo kwa muuza samaki. Mwavuli haukutikisika. Sultani akacheka mpaka akashikwa na kwikwi, na alipotulia akasema, "Endelea, binti Rehani. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza."

"Haufai," akasema Jokha.

Na mara ya tatu haikutoka. Alifungua kinywa na akakifunga. Watu walingoja, na Ghalibu alianza kutabasamu, na kutoka ndani ya mwavuli ikasikika sauti ndogo ambayo Jokha tu na Mbaruku waliisikia, "Sema, mjukuu wangu. Hukuwahi kuniambia neno zuri kuliko hilo."

"Haufai," akasema Jokha, na machozi yakamtoka mbele ya mji mzima, wala hakuyafuta.

Mbaruku akaurusha mwavuli jaani, kando ya uwanja. Ghalibu akaukimbilia, akajitupa juu ya maganda na majivu, na akaukumbatia, akipiga kelele kwamba aliyeokota ndiye mwenyewe. Lakini ulikuwa kitambaa tu, kwani Sharkafi alikwisha kusimama kando yake, mrefu kuliko twiga, anajinyoosha mgongo. Ndipo Waziri akapiga chafya na akasoma kifungu cha mwisho, kilichotungwa kuwazuia wajanja, kwamba mwenye kuokota kitu jaani siku ya mnada sharti azoe jaa lote. Ghalibu alizoa kwa muda wa miezi minne, na visima vya watu vikabaki na maji yake.

Sharkafi akajipunguza kimo mpaka akawa tena mzee mfupi, akamshika Jokha kichwa, na akamwambia, "Nakwenda Kafu kuona kama kuna aliyebaki wa kwetu." Jokha akasema nenda, Babu. Mbaruku alitazama, na alipoona jini anaanza kupauka kama moshi aliogopa kuliko alivyoogopa miaka sita yote, akapaza sauti yake ya mnada, mpaka ng'ambo ya mto wakageuka:

"Mzee Sharkafi, usiondoke kabla sijaposa."

Jini akarudi, akaketi, na akamhoji saa mbili nzima. Aliuliza hasa kama aliwahi kusifu macho ya Jokha, na Mbaruku akakiri kwamba hajawahi kufika huko.

Harusi yao ilikuwa mwezi wa pili wake, na Sultani alitoa zawadi kwa mara ya kwanza maishani mwake, nayo ni twiga, ambaye Mbaruku alimyeyusha akapata shaba ya kumfanya tajiri wa haki. Mafundisho ya hekaya hii, enyi wasikilizaji wangu, ni kwamba msiogope kuambiwa hamfai na wale wasiojua wanachokitaka, maana huenda ndio mlango unafunguliwa. Mimi niliyopewa nimewapa, na yaliyobaki ni ya siku ya harusi.

Siku hiyo karani wa Kadhi aliketi mlangoni akiandika waliohudhuria, na mzee mfupi mwenye vumbi la safari ndefu akasimama mbele yake. Karani alitazama ndevu za moshi, na akamwuliza bibi harusi, "Huyu nimwandike mali ya nani?"

"Si mali," akasema Jokha. "Andika babu yangu."