Kijani cha Chini ya Kiti

Bwana Shebuge, yule anayerudisha jikoni hata chai ya mkewe, alimpelekea Zaina, fundi rangi, kigari chake cha Kiingereza cha zamani, cha wazi, viti viwili.

"Nataka kijani kilichotoka nacho kiwandani. Ukikosea, uhame kiwanja changu."

Zaina akakipiga rangi. Bwana akaja, akakunja pua. "Siyo hii. Ile ya kiwandani naijua."

"Basi tung'oe kiti, baba. Chini yake jua halijafika tangu Uingereza."

Wakaking'oa. Kijani kikang'aa, sawasawa na cha boneti.

"Usiguse, baba. Rangi ya kale haitaki mikono."

"Si nilisema naijua?" akasema Bwana, akaondoka akijisifu.

Zaina hakurudisha kiti mpaka jioni, rangi aliyoipiga chini yake asubuhi ile ilipokauka.